Hapa Hakuna Kornelia

Mama Severine alijifunza kuandika akiwa tayari ana wajukuu. Ilikuwa miaka ile ya mashamba makubwa ya serikali kule Hanang, ngano imeanzia hapa inaishia usipoona, na kila kambi ya wafanyakazi ikapewa darasa la kisomo cha watu wazima. Yeye alikuwa mpishi wa kambi moja upande wa Basotu. Akishaosha masufuria alikwenda kukaa kwenye benchi ndani ya banda la matrekta, vidole bado vinanuka vitunguu, akaandika a, e, i, o, u pamoja na madereva na walinzi. Wenzake wengi walisinzia. Yeye hakusinzia.

Alipopewa cheti chake akajikuta na shida ambayo mwalimu hakumwonya. Kuandika barua anajua, lakini amwandikie nani? Mumewe alikwishafariki. Mwanawe Severine yuko Dongobesh, na salamu zake zilikuja kwa mdomo na kila gari lililopita: mama, hatujambo, mbuzi amezaa pacha. Dada zake wako juu Mbulu, na wao barua wangeipokea kwa kilio, maana kwao bahasha haikuja ila kwa msiba au kwa kuitwa barazani. Majirani nao wako hapo hapo. Sasa utamwandikiaje mtu ambaye unamsikia akikohoa?

Basi akaamua kuwaandikia watu asiowajua sana.

Wa kwanza alikuwa Halfani, mwenye duka kule Katesh, aliyemuuzia kioo cha taa ya chemli. Halfani alikizungushia kioo kile gazeti, akakitia kwenye gunia, akakizika katikati ya maharage, na kikafika kambini bila ufa juu ya lori lisilosamehe shimo hata moja. Mama Severine akakata karatasi katikati ya daftari, akaandika siku nzima kwa vituo, kati ya chungu na chungu:

"Ndugu Halfani, salamu sana. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Baada ya salamu, madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba kioo hakikuvunjika. Taa inawaka. Wasalimie wote wa nyumbani kwako, hata kama siwajui. Ni mimi, Kornelia Sulle."

Hilo Kornelia ndilo jina alilobatizwa, na Sulle ni la baba yake. Tangu amzae Severine hakuna aliyelitumia tena. Mumewe alimwita Mama Severine, padri alimwita Mama Severine, na pale kambini hata karani alipomwandikisha kazi aliandika hivyo hivyo, Mama Severine, jikoni. Lakini mwalimu wa kisomo alikuwa amesisitiza kwamba chini ya barua mtu huweka jina lake kamili. Akaliweka. Alipoliona limekaa pale chini peke yake, alilitazama kwa muda, kama mtu anayemtazama ndugu aliyerudi kutoka safari ndefu.

Raha aliyoipata hapo hakuitegemea. Kuramba stempu, kuibana kwa dole gumba, kumkabidhi dereva wa lori bahasha na kumwambia asiikalie, hayo yote yalikuwa matamu. Lakini utamu wenyewe ulikuja baadaye, akiwa anakoroga ugali. "Sasa hivi anaichana," aliliambia sufuria. "Sasa anashangaa. Sasa amefika penye kioo." Na akacheka peke yake mpaka walioleta kuni wakachungulia.

Wa pili alikuwa Scolastica, mwanamke aliyekaa naye benchi moja hospitalini Haydom. Hawakuongea sana, ila Mama Severine alipokwenda kunywa maji, Scolastica alitandaza khanga mahali pake ili asinyang'anywe. Barua ilimwambia: nakumbuka ile khanga yako ilikuwa na korosho nyekundu, na mimi mgongo umepona.

Wa tatu alikuwa Mzee Gidahosh, Mdatoga wa upande wa Balangdalalu. Siku lori la kambi lilipozama kwenye udongo mweusi, mvua inapiga, mzee huyu alitokea na ng'ombe wake. Alilitazama lori, akatikisa kichwa, akavua shuka lake la juu akamfunika Mama Severine, kisha akaenda zake. Jina lake aliambiwa na dereva, ambaye pia ndiye aliyelirudisha lile shuka safari iliyofuata. Barua yake ilipitia kwa mwalimu wa shule ya huko: "Mzee wangu, shikamoo. Shuka lako lilinukia moshi na maziwa. Sikupata mafua."

Kambi nzima ilijua habari za barua hizo, maana jikoni hakuna siri. Aliyechokoza zaidi alikuwa Joakimu, dereva wa kombaini ya kuvunia ngano, mtu mrefu aliyekuja kula wa mwisho siku zote kwa sababu aliendesha taratibu kuliko wote.

"Mama Severine, kweli unamwandikia mtu kwa sababu mlikaa benchi moja? Mimi nimekaa benchi na watu wengi. Niwaandikie wote?"

"Ungekuwa na la kuwaambia, ungewaandikia."

"Haya. Wamekujibu?"

"Watajibu. Kula, ugali umepoa kama kawaida yako."

Akaendelea kuandika, kwa hao watatu na kwa wengine waliompitia maishani kwa dakika chache. Ngano ikachipua, ikafika kiunoni, ikageuka rangi. Majibu hayakuja. Joakimu akawa anauliza kila siku, "Posta inasemaje?" na benchi zima linacheka. Mwanzoni Mama Severine naye alicheka nao. Baadaye alianza kukaa na lile swali mpaka wakati wa kulala. Mtu akipata barua ya mtu asiyemjua, si atajiuliza, huyu anataka nini kwangu? Labda Halfani alidhani anatafuta kukopa. Labda Scolastica alimwonyesha mumewe, wakatazamana. Labda mahali fulani watu wamekaa wanazisoma zile barua kwa sauti na kushikana mbavu. Wazo hilo lilimchoma kuliko moto wa jikoni.

Siku moja, mbele ya watu wote, akasema, "Joakimu, sikia. Mavuno yakiisha na sijajibiwa, naacha. Daftari nitawashia jiko."

Watu wakashangilia. Yeye hakuwa anatania.

Ikafika siku ya mavuno ya mwisho. Lilibaki shamba moja tu, na lilikuwa la Joakimu. Mama Severine alishaweka daftari juu ya rundo la kuni, tayari, akawa anapika makande ya sherehe bila hata kuonja. Hapo akaingia Zubery, karani wa kambi, kijana wa Katesh mwenye adabu. Nyuma yake amekuja mzee mrefu mwenye fimbo, vumbi mpaka magotini, kibuyu begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Zubery."

"Naomba umpe mzee huyu chakula. Ametembea kutoka huko Balangdalalu, maskini, anamtafuta mtu ambaye hapa hayupo."

"Anamtafuta nani?"

"Kornelia nani sijui. Jina hilo limenitesa! Barua zake zinaletwa, kila asubuhi watu wakipanga foleni ya kazi nalisoma kwa sauti, hakuna anayeitika. Nimeangalia kote, hapa hakuna Kornelia. Nilizihifadhi nikidhani ni kibarua atarudi msimu huu. Leo nimechoka, nimezifunga, lori limeondoka nazo zirudi posta."

Kila asubuhi wakati wa foleni Mama Severine alikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni na kuni zinalia na uji unachemka. Mwiko ukasimama katikati ya makande.

"Kornelia Sulle?" aliuliza polepole.

"Huyo huyo! Unamjua?"

Yule mzee alikuwa amekwisha kumtazama. Akainua fimbo, akamwelekezea. "Wewe karani una macho ya nini? Huyu hapa. Huyu ndiye mwanamke wa mvua."

Zubery akacheka, halafu akaacha. "Lakini wewe ni Mama Severine!"

"Severine nilimzaa, ndiyo. Na mimi je, sikuzaliwa?" Akatupa aproni. "Lori liko wapi?"

Lilikuwa limeshatoka getini. Kornelia akatoka mbio na mwiko mkononi, Zubery nyuma yake anapiga mluzi, nyuma ya Zubery wanawake wa jikoni wanagonga vifuniko vya sufuria. Walioiona kambi ile siku ile wakadhani kuna moto. Vumbi la lori lilikuwa mbali, na mtu mwenye mwili wa mpishi hawezi kulishinda lori. Lakini mbele, kwenye ile njia nyembamba yenye ngano huku na mitaro huku, ilikuwa inakuja kombaini. Joakimu amemaliza shamba lake, anarudi, amejaza njia yote, anaendesha kama kawaida yake, kama mtu anayesindikiza harusi. Lori likapiga honi. Joakimu akapunga mkono, hakuongeza mwendo hata kidogo.

Kornelia akalifikia lori anahema. "Nipe barua zangu!"

"Barua gani, Mama Severine?" dereva aliuliza.

"Za Kornelia! Mimi ndiye Kornelia!"

Joakimu juu ya kombaini akazima mashine. "Yaani una jina?" akasema. "Miaka yote hii?"

"Ninalo. Na leo Mungu akubariki kwa uvivu wako."

Walirudi jikoni wote. Kifurushi kikafunguliwa juu ya meza ya kukatia mboga, naye akasoma kwa sauti, kidole kinafuata mstari. Halfani aliandika kwamba wateja humjia kulalamika tu, na kwamba barua ile ya kioo ameibandika ukutani dukani, watu wanaisoma wakisubiri sukari. Scolastica aliandika kwa mkono wa binti yake: "Dada Kornelia, niliposikia nina barua nilipiga ukelele, majirani wakajaa, nikijua kuna kifo. Tukafungua, kumbe ni mgongo wako umepona! Tumecheka mpaka kidonda changu kikauma. Niandikie tena, ila nje ya bahasha uandike: hakuna msiba." Joakimu alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akainuka, akalitoa daftari juu ya kuni na kulirudisha rafuni.

"Na wewe, baba," Kornelia akamgeukia Gidahosh. "Shikamoo, hata sikukuamkia."

"Marahaba." Mzee akaweka bakuli chini, akasimama wima, fimbo mbele. "Mwalimu alisema barua hujibiwa. Kalamu sina, miguu ninayo. Nimezunguka ngano yenu yote, maana njia ya ng'ombe iliyopita katikati zamani mmeilima." Akakohoa. Kisha akaanza, kama alivyosikia ikisomwa: "Kornelia, salamu sana. Mimi ni mzima, hofu ni kwako. Baada ya salamu, ng'ombe hawajambo. Mvua ilinipiga ile siku, nami sikupata mafua. Maziwa haya ni ya wewe kunywa. Ni mimi, Gidahosh."

Akakaa, akaendelea na makande.

Alilala kambini siku ile. Asubuhi alipoaga, Kornelia akamkabidhi bahasha imebandikwa vizuri, ina jina la mzee juu, na pembeni maneno mawili: hakuna msiba. Mzee akaigeuza geuza.

"Kuna nini ndani?"

"Sikuambii. Atakusomea mwalimu."

Zubery akaingilia, "Lakini mzee, mwandishi mwenyewe yuko mbele yako! Mwache akusomee hapa, usihangaike nayo mpaka Balangdalalu."

Gidahosh akamtazama kama anavyotazamwa ndama aliyekataa titi. "Wewe karani kweli huelewi," akasema. "Akinisomea hapa, nikifika nyumbani nitakuwa nimepata nini?" Akaifunga barua kwenye pindo la shuka lake, akashika njia ya kuizunguka ngano.