Majina Yamefichwa kwa Usalama wa Mhusika

Katika ofisi ile ya wanaharakati, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, hakuna chozi la mnyonge lililodondoka bila Mama Taipu kulichapa. Miaka kumi na moja alikaa kwenye meza ya pembeni, karibu na mlango wa choo, akichapa malalamiko ya dunia nzima: mabaharia waliotelekezwa bandarini, washona viatu wasiopewa hata dakika ya kwenda haja, wapishi waliofungiwa jikoni. Alikuwa mjane, mnene kidogo, miwani imefungwa uzi, na kicheko chake kilisikika mpaka kwa mafundi wa matairi kule chini. Na kazi aliipenda, msidhani. Barua nyingine alizichapa huku moyo unamuuma kweli kweli.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Kila Jumatano asubuhi wajumbe tisa hukaa kuzunguka meza, Mwenyekiti akasoma kesi moja ya wiki. Kesi huchaguliwa na Mama Taipu mwenyewe kutoka kwenye barua zinazoletwa, naye huiondolea jina na mji, maana waajiri ni wakali na mnyonge akijulikana ataumia. Juu kabisa huandika: “Majina yamefichwa kwa usalama wa mhusika.” Wajumbe wakishasikiliza, wanaghadhibika, wanapiga kura, wanatia saini. Kisha Mama Taipu anaandika anwani kwenye bahasha, na kazi imekwisha.

Sasa mwaka huo binti yake wa pekee alikuwa amemaliza uuguzi. Mahafali yalipangwa Jumamosi saa nne asubuhi, na kwenye chuo kile kila muuguzi huvikwa kofia nyeupe na mzazi wake, palepale jukwaani, watu wote wakiona. Asiye na mzazi huvikwa na mhasibu wa chuo.

“Mama, usiniachie yule mhasibu,” binti alimwambia. “Hajatabasamu tangu aajiriwe.”

“Mwanangu, labda niwe nimekufa,” Mama Taipu akaapa.

Loo! Kumbe Jumamosi hiyohiyo ndiyo maandamano makubwa ya Haki ya Mapumziko kwa Wafanyakazi. Na nani wa kuchapa, kutoa nakala na kupokea simu kuanzia alfajiri? Mama Taipu, nani mwingine!

Akaenda kuomba ruhusa kwa Mwenyekiti. “Mama,” Mwenyekiti akasema kwa huzuni, “kuna watu huko hawajapumzika miaka, wewe unaniletea habari za sherehe?” Akamwendea Ndugu Leso, mjumbe aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna kesi iliyosomwa asitoe leso mfukoni. “Mama yangu, harakati ni kujitoa,” Ndugu Leso akamjibu, macho yakiwa kwenye simu. Akarudi tena kwa Mwenyekiti, na safari hii alijibiwa kwa mkono tu, kama anayefukuza inzi.

Hapo, jamani, damu ilimchemka. Aliingia chooni akalia, akalia tena kwa hasira ya kwamba amelia, kisha akajitazama kwenye kioo. “Nyani haoni kundule,” akajiambia. “Haya. Ngoja nimsaidie kuliona.” Akanawa uso, akarudi mezani, akaanza kuchapa.

Jumatano Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma kesi ya wiki kwa ile sauti yake ya kutetemesha madirisha. Majina yamefichwa. Mjane, mchapaji wa ofisi fulani kwa miaka kumi na moja, hajawahi kukosa kazini ila siku ya kumzika mumewe. Binti yake wa pekee anahitimu. Ameomba siku moja. Amenyimwa mara tatu, na mara ya mwisho hata neno hakuambiwa.

“Siku moja!” Ndugu Leso akapiga kelele, leso tayari machoni. “Huyo mwajiri ana moyo au ana jiwe?”

“Ni mnyama!” Mwenyekiti akagonga meza, glasi za maji zikaruka. “Tena siku moja haitoshi. Mama, andika: apewe mbili!”

“Na gari la kumpeleka!” Ndugu Leso akaongeza.

“Na mwajiri amwombe radhi kwa maandishi!” akadakia mjumbe mwingine.

Mama Taipu akaandika yote, kichwa chini, anajikaza kisabuni asicheke. Mabega yakawa yanatikisika mpaka mjumbe aliyekaa karibu akadhani analia, akamsogezea glasi ya maji. Mikono tisa ikapanda juu. Saini tisa zikatiwa, ya Mwenyekiti kubwa kuliko zote.

“Itumwe leo leo, Mama. Kwa njia ya haraka kuliko zote.”

“Stempu haihitajiki, Mwenyekiti.” Akainuka, akaizunguka meza taratibu, akamwekea barua mbele yake kwa mikono miwili, kwa heshima zote. “Imeshafika.”

Mwenyekiti akaisoma upya, safari hii bila sauti, na macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Ndugu Leso alianza kuipapasa leso mifukoni, na leso iko mkononi.

“Lakini Mama… si ungetuambia tu!”

“Niliwaambia mara tatu, baba. Na kura mmeshapiga.”

Mjumbe mmoja akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na kicheko kikaizunguka meza mpaka kikamfikia Mwenyekiti mwenyewe, aibu imemjaa tele. Siku mbili zikatolewa. Gari likatolewa. Barua ya kumwomba radhi nayo ikatolewa, ingawa ilibidi Mama Taipu aichape mwenyewe.

Jumamosi akapanda jukwaani kwa gauni jipya la buluu na viatu vilivyombana, akaipokea ile kofia kwa vidole vilivyochapa vilio vya watu chungu nzima. Binti akapiga magoti. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na mhasibu wa chuo, kando kule, akapiga makofi bila kutabasamu.

“Mama,” binti akanong’ona, kichwa kimeinama, “si walikukatalia? Walikuruhusuje?”

“Walipiga kura.”

“Wakakubali wangapi?”

“Wote tisa, mwanangu, kwa kauli moja,” Mama Taipu akasema, akiiweka kofia sawa. “Hawakujua ni mimi.”