Tawi Jekundu la Azalea

Mama alihamia kwangu Lizaboni baada ya kiharusi kumlegeza upande wa kushoto. Mdogo wangu wa kike, anayefanya kazi Njombe, alipokuja kumwona alileta ua la azalea kwenye kopo la rangi. Maua yake yalikuwa meupe, kingo zake nyekundu.

"Mama atapata cha kutazama," alisema. Kesho yake akapanda basi. Kutunza ua kukabaki kwangu, pamoja na mengine yote.

Nililipanda mbele ya dirisha la Mama. Kila nikirudi kutoka shuleni ninakofundisha, nilimgeuza kitandani, nikafua mashuka, ndipo nikabeba ndoo kwenda kumwagilia. Mama aliniagiza nitie majivu, kama tulivyozoea kwenye mboga kijijini. Nikatia. Baada ya wiki chache majani yakawa ya njano. Nikampigia mdogo wangu.

"Majivu? Dada, utaliua! Azalea hupenda udongo mchachu. Toa udongo wote, uweke ule wa chini ya misonobari."

Jumamosi niliyopanga kulala niliimaliza nikizoa udongo na kubeba kiroba kichwani, mgongo ukiniuma.

Ua likapona. Mwaka uliofuata likachanua, lakini tawi moja lilitoa maua mekundu tupu. Mdogo wangu akasema nilikate upesi, maana lingeyameza matawi mengine. Nikachukua mkasi.

"Unakata nini?" Mama aliuliza kutoka kitandani, kupitia dirishani.

"Tawi limeharibika, Mama."

"Limeharibika nini, na limechanua? Mimi nina upande mzima uliokataa. Nao utaukata?"

Alicheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Mimi sikuweza. Nilikaa chini kwenye udongo nikalia, wala si kwa sababu ya ua. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa miaka miwili.

Mama akaniita.

"Njoo ndani, mwanangu. Mashuka yatafuliwa kesho. Lala."

Nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, na miguu yangu ya matope, hadi kengele ya misa ya asubuhi.

Mdogo wangu alipokuja tena, kichaka kizima kilikuwa chekundu. "Mmeliachia likaharibika," alilalamika. Nilikuwa namlisha Mama uji. Nikampa mdogo wangu kijiko, nikamwambia aendelee yeye, nikaenda kuoga.