Posa Niliyoipokea Malaga

Kosa langu la kwanza Malaga lilikuwa la adabu. Nilifuata desturi ya kwetu hatua kwa hatua mbele ya watu ambao hawakuwahi kuisikia, na kabla kahawa haijapoa nilikuwa nimemkatalia dada yangu mchumba. Sikujua. Nilidhani nimefaulu.

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa na akanitangulia kufika Ulaya. Ni muuguzi katika mji ule wa pwani ya kusini ya Hispania, na huko ndiko alikompata mwenzake, Mhispania. Walipokubaliana kuoana, yule kijana, kwa moyo mwema, aliuliza kwetu mambo huendaje. Dada akamweleza kwamba kwetu Muheza mwanamume haendi kujiombea mwenyewe; wazazi wake ndio husema na wazee wa binti. Baba yetu magoti yamechakaa, safari ya ndege haiwezi. Ikaamuliwa kwamba wazazi wa kijana watatoa posa yao nyumbani kwao, na upande wetu utawakilishwa na mwanamume wa ukoo aliye karibu. Aliye karibu nilikuwa mimi, ninayeishi Evere, hapa Brussels, na ambaye sikuwahi kukanyaga Hispania.

Mimi ni fundi simu. Ufundi huu sikuusomea darasani, nilijifundisha kwa video, na kila simu ninayoifunga huwa naifungua tena kuhakikisha skrubu zote zimekaa. Ndivyo nilivyo. Mtu mwingine angejifunza salamu mbili tatu za Kihispania akapanda ndege. Mimi nilijifundisha kwa miezi, kwenye basi, asubuhi na jioni, midomo ikitembea hadi aliyekaa karibu nami akahama kiti. Niliogopa kutamka neno moja vibaya, ukoo mzima ukaonekana wa hovyo kwa sababu yangu.

Baba naye alinipa maagizo kwa simu.

"Wakishasema yao, usijibu siku hiyo. Sema tumesikia, tutakaa kama ukoo, jibu litawafikia. Ukijibu papo hapo wataona tulikuwa tunatafuta pa kumtupa mtoto wetu. Na yeye mwenyewe asiwepo. Binti hakai posa yake ikisemwa."

"Sawa, baba."

"Rudia."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, safari hii bila haraka.

Dukani kwetu, kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles, bosi wangu ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, na wote tunamwita maman. Siku moja alinikuta nakariri mbele ya kioo cha kabati la simu.

"Unasemesha nani, weye mutoto?"

"Najiandaa, maman. Naenda kupokea posa ya dada yangu."

"Weye? Na kandevu kako haka?" Akacheka mpaka mteja akageuka. "Bon. Na bale batu bakikuuliza kitu yenye haiko mu kichwa yako?"

"Hawataniuliza. Nimeshajua yatakavyokwenda."

"Alors, kama unajua mbele yenye batasema, juu ya nini unaenda? Tuma barua."

Sikucheka. Nilinuna nusu siku.

Niliingia Malaga Jumapili, joto likiwa limefunga mji. Mapazia ya mbao yalikuwa yameshushwa madirishani, maduka kimya, na mimi nilikuwa nimevaa suti. Nilikuwa nimekula chakula cha mchana mapema, nikaja kugundua kwamba wenyeji ndio kwanza wanaanza kuandaa meza, saa ambazo Brussels vyombo vimeshakauka. Kwa vile nilifika mapema, kama kawaida yangu, nilizunguka mtaa uleule chini ya michungwa mpaka shati likanata mgongoni. Bahari ilikuwa mwisho wa barabara, lakini sikuitazama. Nilikuwa nakariri.

Dada alinisubiri mlangoni mwa jengo wanamokaa wazazi wa kijana, pamoja na mchumba wake.

"Nitakaa hata kiti cha pembeni, nikutafsirie," alisema.

"Haiwezekani. Baba amesema usiwepo."

"Kihispania chako ni cha kwenye basi."

"Kinatosha."

"Ukikwama je?"

"Sitakwama."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nilipokataa kusaidiwa kufunga kamba za viatu. Kisha akamshika mwenzake mkono, wakaenda zao ufukweni. Kwa hiyo mtu pekee aliyezijua lugha zote mbili na desturi zote mbili, mimi mwenyewe ndiye niliyemtoa.

Juu walikuwa watatu: baba wa kijana, mama yake, na bibi yake aliyekaa karibu na feni. Baba ni mchoma samaki, ana kibanda chake pale ufukweni, na vidole vyake vina makovu ya moto. Siku ile alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, akalifunga hadi kifungo cha shingoni. Mama alikuwa amejaza meza. Alinikaribisha chakula, nikakataa kwa heshima, kwa kuwa nilifundishwa kwamba mtu wa posa hagusi chakula kabla jambo halijasemwa. Akanikaribisha tena, nikakataa tena. Kahawa niliipokea, lakini sikuinywa.

Basi yule baba akasimama. Alisema polepole kwa ajili yangu, na nilimwelewa karibu yote. Alisema mwanawe ni mbishi lakini si mvivu. Alisema tangu dada yangu aingie nyumba ile, mwanawe ameanza kuosha vyombo, jambo ambalo mama yake alilipigania miaka yote bila kushinda. Akamaliza kwa kusema kwamba wao si watu wakubwa, ila wanaomba.

Nami nikasimama. Nikasema tumesikia, tutakaa kama ukoo, jibu litawafikia. Sikukosea hata neno.

Baba akakaa, akafungua kifungo cha shingoni. Mama akachukua sinia ambalo halikuguswa, akalirudisha jikoni. Nami, nakiri, nilifurahi. Kwetu upande wa mwanamume unapaswa kuondoka na wasiwasi. Ndiyo dalili kwamba binti ana wenyewe. Nilijiambia, hawa wameelewa vizuri sana.

Bibi akauliza kwa sauti kubwa, "Kasema nini?"

Mama akajibu kutoka jikoni, "Kasema hapana."

Neno hilo nililijua tangu wiki ya kwanza ya kujifunza. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nyingi kichwani, zote safi, na hapakuwa na hata moja ya kujibu hilo. Nikashukuru, nikaaga, nikateremka ngazi.

Simu ya dada ilinikuta hata sijafika barabarani. Alinitaka ufukweni mara moja. Nilimkuta amesimama peku mchangani, mchumba wake amemshikia viatu.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimesema alichosema baba. Neno kwa neno."

"Baba yuko Muheza! Mimi ndiye ninayeishi na hawa watu. Mama yake analia kwenye simu. Anauliza tumeona kasoro gani kwao. Anauliza kama ni kwa sababu mume wake anauza samaki. Hata chakula chake hukukigusa!"

"Nilidhani..."

"Wewe hukudhani. Ulikariri." Akafuta uso kwa kiganja. "Nipishe, nikawaambie mwenyewe."

"Usiende."

"Nini?"

"Ukienda wewe leo kubembeleza, utaingia nyumba ile umeshajishusha, na hutainuka tena. Kila mkikosana watakumbuka ulivyokuja mbio kuomba. Mimi ndiye niliyeharibu. Nitarudi mimi."

"Ukaseme nini? Umekariri nini kingine?"

Tangu niteremke zile ngazi kitu kilikuwa kimekaza ndani yangu, na hakikuwa woga ule wa kila siku. Nilijua kwamba nikiondoka na ndege yangu na kuwaachia wengine wausafishe uchafu wangu, sitaweza kumtazama dada usoni. Mchumba aliuliza tunasema nini. Dada akamwambia, "Anasema atarudi." Kijana akanipima kwa macho, kisha akanionyesha kibanda kimoja mbele kidogo. "Baba huwasha moto asubuhi," alisema. "Akiwa kazini anasikiliza vizuri zaidi."

Nikampigia baba.

"Baba, wameona tumekataa."

"Wameonaje? Hukusema jibu litakuja?"

"Nimesema. Huku mtu akiombwa jambo la furaha akasema atajibu baadaye, amekataa kwa heshima."

"Sasa unataka nini?"

Katika mambo ya ukoo sikuwahi kuulizwa ninataka nini. "Nataka jibu kesho asubuhi. Kaa na baba wadogo leo."

"Leo? Mmoja yuko Korogwe."

"Ana simu, baba."

"Mambo haya hayakimbizwi."

"Anayengoja ni mwanao. Wewe ulitaka aonekane ana wenyewe. Leo anaonekana hana hata mmoja."

Sijawahi kumsemesha baba hivyo. Nilisikia akikohoa, kisha akasema, "Subiri," akakata.

Usiku nilianza kuandika sentensi mpya kwenye simu, nikazifuta zote. Nilijua nikizibeba nitazitegemea, na nikizitegemea nitakwama palepale.

Baba alipiga asubuhi. "Tumekubali. Waambie ukoo umekubali. Na uwaombe radhi, lakini usijidhalilishe."

"Hayo mawili yanafanywaje pamoja, baba?"

"Ndiyo kazi uliyotumwa."

Nilimkuta mchoma samaki akipanga kuni kwenye mtumbwi mkuukuu uliojazwa mchanga, ambao ndio jiko lake. Kisha akaanza kutunga sadini kwenye vijiti vya matete. Aliniona, akaendelea na kazi.

"Jana mimi kusema vibaya," nilianza. Kichwani nilisikia makosa yangu yote, nikayaacha yapite. "Kwetu, baba kujibu haraka, binti hana thamani. Baba kungoja, binti ana thamani. Mimi si kusema hapana. Mimi kusema ngoja."

Akatunga samaki mmoja, kisha wa pili. "Kwa hiyo mlitungojesha kwa makusudi?"

"Ndiyo."

"Mke wangu hakulala."

"Kwetu pia mama wa kijana halali siku hiyo. Ni lazima asilale."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Na mama wa binti?"

"Analala. Vizuri sana."

Alitoa sauti fulani puani. Sijui kama ilikuwa kicheko. "Na jibu?"

"Leo baba yangu na ndugu zake wamesema ndiyo. Na mimi naomba radhi. Kwa chakula pia."

"Usiniambie mimi," alisema akichomeka kijiti mchangani. "Si mimi niliyelia. Panda juu ukamwambie yeye."

Nilipanda zile ngazi. Mama wa kijana alifungua mlango kidogo tu, amevaa gauni la nyumbani, macho yamevimba. Nikasema tena yote, vibaya zaidi kuliko ufukweni, nikitumia na mikono. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunisaidia kwa neno lolote.

"Kuna kitu kingine mtatungojesha?" aliuliza.

Ningeweza kusema hapana, ikawa rahisi. "Ndiyo," nilisema. "Kuna mahari. Baba atataka tuizungumzie. Taratibu."

"Taratibu," alirudia, kama mtu anayeonja chumvi. Akafungua mlango wote. "Basi yote hayo atanieleza dada yako. Mwite. Akae hapa mezani aseme mwenyewe, siyo wewe."

Desturi niliijua. Maagizo ya baba niliyajua kwa moyo. Nikatoa simu, nikampigia dada, nikamwambia, "Njoo, unaitwa ukae." Alipofika alikwenda moja kwa moja jikoni kwa yule mama, mlango ukafungwa, wakazungumza muda mrefu. Mimi nilibaki na bibi, ambaye alinisogezea sahani na kuninyooshea kidole mpaka nikala nikaimaliza.

Wameoana. Mimi bado ni mtu wa wasiwasi, na sijifanyi nimepona. Lakini tangu siku ile sikubali tena kumsemea mtu aliyetolewa nje ya chumba. Na ukoo wetu unapokutana kwa simu kuzungumza jambo la dada, dada huwepo na husema mwenyewe. Baba mwanzoni alinung'unika, sasa amezoea.