Usiilime Mboga Yako

Naomba radhi kwanza. Nimesoma hadi darasa la saba tu, mwandiko wangu unapanda na kushuka, na huenda herufi nyingine nimezikosea. Mbele za watu huwa sisemi sana. Lakini bibi yangu, hapa Ilagala karibu na ziwa, ameniambia jambo akataka niwafikishie vijana wenzangu wanaolima. Nilikuwa nanoa panga nikafyeke matete ya kando ya kijito, nipate nafasi ya mahindi zaidi. Akaniita, "Njoo ukae, mume wangu," kama bibi wanavyowatania wajukuu wao. Yanayofuata ni maneno yake.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ningali mgeni katika nyumba hii, mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Babu yako alikuwa akilima shamba hilihili. Mahindi hayakuwa yakitufikisha msimu mwingine, na yeye alikuwa mtu wa kuona haya akisikia mtoto analia njaa. Akafyeka matete upande wetu wote, akalima mpaka ukingoni mwa maji. Sikumlaumu. Mwenye njaa hana miiko.

Mvua ikanyesha. Udongo mzuri wote ukateremka kijitoni, maji yakawa mazito kama uji wa ulezi. Sasa, mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa akitega migono ya kunasia samaki pale kwenye matete, maana huzalia humo, hata wa ziwani huingia. Alikwenda asubuhi, akarudi na migono imejaa tope.

Mchana akasonga ugali, akaweka na bakuli lililofunikwa. Babu yako akanawa, akakata tonge, akafunua. Ndani mlikuwa na maji ya tope.

"Mama, hii nini?"

"Mboga."

"Mboga gani hii?"

"Umeilima mwenyewe, halafu unaniuliza mimi? Chovya, ugali unapoa."

Mimi niliuma kanga. Mkwe hacheki, mwanangu, hata kama tumbo linamuuma kwa kicheko. Babu yako akalirudisha tonge lake sahanini, akasema, "Mama, hawa watoto watakula nini? Shamba halitoshi."

Hapo sauti ya mama mkwe ikalainika. "Shamba si dogo, baba. Limechoka. Nawe ukichoka hatukuongezei mguu, tunakupa chakula."

Kesho yake alitangulia yeye, kapu la makapi ya chikichi kichwani, yale tuliyokuwa tukiyatupa baada ya kukamua mawese. Tukayafukia shambani. Babu yako akaukinga mteremko kwa matuta, tukapanda maharage katikati ya mahindi, na kule ukingoni akayaacha matete yachipue. Nisikudanganye: msimu ule tulikula muhogo mpaka nikanung'unika. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Shamba likanenepa, na mama mkwe akaanza tena kurudi na migono yenye samaki wanaopiga mikia.

Basi sikia, mwanangu. Lima, tena lima kwa bidii, maana matete hayapikwi. Lakini udongo unaokulisha nawe uulishe. Maji uyaachie ukingo wake. Na siku ukilitazama shamba lako, yatazame na matete kuwa ni sehemu yake, maana nayo yanazaa, ila mazao yake yanaogelea. Mtaka yote hukosa yote. Nenda, Mungu akupe ugali, na akupe na mboga yake.

Panga nimelirudisha mahali pake. Jana nilibeba makapi mpaka shingo ikauma, bibi akinicheka. Sijui kama mahindi yatatosha mwaka huu, naogopa kidogo. Ninyi mnaolima karibu na maji, kwenu mmefanyaje? Niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nasoma polepole, lakini huwa namaliza.