Mji Wetu wa Milingoti ya Mkonge

Mabaki ya mkonge uliokamuliwa hunuka uchachu, kama maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni. Upepo ukivuma kutoka kiwandani, harufu hiyo iliingia kila chumba cha nyumba yetu ya Pongwe, hata kwenye nguo zilizokunjwa sandukuni. Wageni waliziba pua. Sisi tuliozaliwa humo hatukuisikia mpaka tusafiri na kurudi. Nasimulia habari za miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilipokuwa msichana wa darasa la pili na kaka yangu Rajabu akiwa mbele yangu kidogo. Baba yetu alikuwa mwashi na mchoma chokaa, na likizo moja alimchukua Rajabu kwenda Tongoni, kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga. Rajabu aliporudi hakuzungumzia kazi wala samaki aliokula. Alizungumzia magofu tu: msikiti wa mawe usio na paa, na makaburi yaliyouzunguka, mengine yakiwa na nguzo zenye mashimo ya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina. Nani aliishi pale? Walilala wapi? Adui akija walikimbilia wapi? Alimuuliza Baba maswali hayo mpaka Baba akachoka. "Mwanangu, mimi najua kujenga," alisema. "Waliohama siwajui."

Basi Rajabu akaamua kuujenga mji ule ili auone. Mkonge ukizeeka huchipua mlingoti mrefu katikati, na mlingoti huo ukikauka moyo wake huwa mwepesi na laini kama kizibo cha chupa. Aliukata vipande kwa wembe wa zamani wa Baba, akavigandisha kwa uji mzito wa muhogo, akavipaka chokaa. Kuta zilipokauka zilifanana na mawe kabisa, na harufu ya chokaa mbichi ikashinda ile ya kiwandani. Kazi yangu ilikuwa kuchonga milango kwa vifuu vya nazi na kusuka makuti madogo kwa ukindu. Mji wote ulikaa barazani, juu ya mlango mbovu uliolazwa kwenye mawe. Paa la msikiti ndilo lililotusumbua. Rajabu alitaka chumba kipana, lakini kila alipolaza vijiti juu yake, paa lilibonyea katikati. Baba alipita, akatazama, akauliza, "Boriti ina urefu gani?" Akaondoka. Rajabu alipima vijiti vyake kimoja kimoja, kisha akaruka. Alikuwa ameziona nguzo Tongoni, zimepangwa ndani ya msikiti, asijue kazi yake. Sasa alijua. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inavyofika, na anayetaka upana lazima asimamishe nguzo. Nakumbuka furaha yake. Alikimbia kumwambia Mama, aliyekuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, na Mama akaja na tumbo lake akachungulia ndani ya msikiti kwa jicho moja.

Siku zile Shangazi, dada yake Baba, alikuja kutoka Mwera, upande wa Pangani, ili amsaidie Mama kujifungua. Alikuja na mwanawe Athumani, rika la Rajabu, mtoto wa maneno mengi. Athumani ndiye aliyeleta vita. Majeshi yalikuwa mbegu, maana Baba hakutaka masanamu ya watu nyumbani. Komwe za kijivu zilikuwa wenyeji, kokwa za ukwaju zilikuwa wavamizi. Askari alisogea urefu wa kipande kimoja cha ukindu, asizidi. Walipokutana tulirusha simbi za baharini, na aliyepata nyingi zilizotazama juu ndiye aliyeua. Sheria moja ilitoka kwa Shangazi mwenyewe, akichambua mchele: "Msikitini haingii mtu na vita." Athumani aliikubali upesi, na vita vilipomgeukia akawasogeza askari wake wote msikitini.

"Toka humo, mwoga wewe!" Rajabu alipiga kelele.

"Wanaswali," Athumani alisema. "Utawapiga watu wanaoswali, we kafiri?"

"Tangu asubuhi?"

"Wana madeni mengi ya swala. Wasubiri wamalize."

Hata Shangazi alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Kisha Rajabu akaongeza makaburi. Alitaka mji uwe kweli kama alivyouona. Aliyapanga pembeni mwa msikiti, na kwenye nguzo ya kaburi kubwa akapachika vigae vya kikombe cha Mama kilichovunjika. Yalikuwa mazuri kuliko vyote alivyotengeneza. Shangazi alipotoka na ungo akayaona, ungo ulimshuka mkononi.

"Rajabu! Makaburi mlangoni, na mama yako yuko hivi? Unatuchuria kifo, mwana!"

"Lakini Shangazi, yapo. Nimeyaona."

"Ya Tongoni yakae Tongoni."

Baba aliporudi alisema yaondolewe, bila hasira. Rajabu aliyang'oa moja moja, akayatupa kwenye shimo la takataka. Siku chache baadaye Mama alijifungua mtoto wa kiume, naye hakulia. Baba alimbeba ndani ya kitambaa cheupe, akaenda na wanaume wachache kumzika. Wanawake walipokuja kutupa pole, Shangazi, akilia kwelikweli, alisema mbele yetu, "Nilisema mimi. Nilikataza." Hakumtaja mtu. Macho ya wote yalikwenda barazani.

Tangu saa ile Rajabu hakula vizuri. Athumani alimbembeleza, "Njoo tucheze, hata msikitini sitaingia tena," lakini Rajabu hakwenda. Asubuhi moja akaanza kuubomoa mji, akizichukua kuta na kuzitia kwenye moto wa jikoni. Mlingoti mkavu huwaka upesi sana. Nililia nikamshika mkono, naye akanisukuma. Nadhani kelele zangu ndizo zilizomtoa Mama. Alikuwa bado ndani kwa desturi ya siku arobaini za mzazi, na Shangazi, aliyeshika bakuli la uji wa pilipili manga, alimzuia mlangoni: "Wifi, siku zako hazijaisha!" Mama alimpita. Alikaa chini karibu na kilichobaki, yaani msikiti na nyumba chache, akavitazama.

"Watu wako hawa hawafi?" alimuuliza Rajabu.

"Wanakufa, Mama."

"Wanazikwa wapi?"

Rajabu alitazama upande wa shimo la takataka.

"Tengeneza moja. Dogo."

Rajabu alikata kaburi la urefu wa kidole. Mama ndiye aliyelipaka chokaa, kwa kidole chake, polepole, akalisimamisha upande wa msikiti alioutaka mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mlangoni bila kugeuka, na Shangazi akampa bakuli. Alikunywa uji wote pale pale. Shangazi alisimama nyuma yake mpaka alipomaliza, kisha akaingia ndani akatoka na kipande cha muhogo wa kuchoma, akampa Rajabu. Sikumbuki kama vita viliendelea baada ya hapo. Sitaki kubuni.

Rajabu amefariki mwaka huu. Waliokuja kutupa pole walisema zamani watu walikuwa na utu kuliko leo. Siwezi kusema hivyo. Zamani hiyo hiyo kaka yangu alibebeshwa kifo cha mdogo wake, na hakuna mtu mzima aliyemwambia kwa maneno kwamba si yeye. Mjukuu wangu naye alizaa mtoto mfu hospitalini, miaka ya karibuni. Daktari alimketisha akamweleza sababu, na hakuna aliyetafuta wa kulaumiwa. Hilo nalishukuru. Lakini nguo za mtoto zilifichwa kabla hajarudi nyumbani, akaambiwa asahau, atapata mwingine, na baada ya muda mfupi akarudi kazini. Hakuna aliyethubutu kumtaja mtoto mbele yake. Nilipomuuliza wamemzika wapi, jamaa tuliokaa nao walinikata jicho. Yeye alinitazama, akakaa, akanieleza mahali penyewe, njia ya kufika, na mti ulio karibu. Alisema kwa kirefu sana, na chai yetu ikapoa.