Karatasi ya Getini

Miaka ile ya mamluki, wazungu wa kukodiwa walioshika visiwa vyetu kwa bunduki, nilijiona daktari tayari. Kwetu Mutsamudu nilishawapima homa kuku wa majirani wote. Lakini mwenye akili hasa alikuwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Ulipotangazwa mtihani wa kuchagua watakaokwenda ng'ambo kusomea udaktari, nyumbani walimtazamia yeye. Mimi nilijiandikisha kwa ubishi tu.

Tulivuka kwa meli hadi Moroni. Njia nzima nilimkariria somo la mwalimu wetu: usiache swali tupu, jibu la kosa ni sifuri tu, halikupunguzii kitu.

"Bahatisha, dada. Mungu atasaidia."

"Mungu hakujiandikisha," akanijibu.

Mama naye alikuwa na somo lake: ukimwona askari mweupe, macho chini, wala usisimame. Asubuhi ya mtihani, askari mmoja wao alikuwa getini pa shule, nguo nyeusi, bunduki kifuani. Nyuma ya bega lake kulikuwa na karatasi imebandikwa ukutani. Dada akasimama kuisoma. Kasimama kweli, kainua uso!

"Unafanya nini?"

"Ngoja, ni maneno ya mtihani haya."

"Utatuua wewe!" Nikamvuta mkono kwa nguvu hata shiromani aliyojitanda ikamteleza kichwani. Tukaingia tukitazama vidole vya miguu yetu.

Ndani nilibahatisha karibu nusu ya maswali, moyo mweupe kabisa. Dada, safu ya mbele, kalamu yake haikupumzika.

Nilitangulia kutoka. Uani vijana wa Moroni walikuwa wakibishana: mwaka huu alama zinahesabiwa vingine, kila jibu la kosa linakula alama ya jibu moja la sawa. Swali usilolijua, bora uliache.

"Nani kasema?" nikauliza.

"Si karatasi ya getini? Kwani nyinyi mmepita wapi, juu ya paa?"

Wakacheka. Mimi nikakaa chini palepale. Dada alipotoka, anafuta wino vidoleni, akaniuliza nina nini. Nikasema joto.

Tulingojea matokeo kwa shangazi, karibu na soko la Volo Volo. Nikimenya muhogo nilijikata. Nikitumwa samaki nilirudi na nyanya. Kila nikimwona dada anakunja nguo zake vizuri, kama mtu wa safari, nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Niliogopa bunduki, ndiyo, lakini uso wake niliuogopa zaidi.

Siku ya matokeo askari alikuwa palepale. Orodha imebandikwa kando ya karatasi ile ya zamani. Dada akaisoma ya zamani kwanza, polepole, mpaka chini. Kisha orodha ya udaktari. Namba yake haimo. Chini ya orodha hiyo walikuwa waliochukuliwa kusomea uuguzi, hapahapa Moroni. Huko ndiko alikokuwa.

"Hii karatasi ilikuwa hapa siku ile," alisema.

Askari aligeuka kututazama. Macho sikuyashusha. Niliyaweka kwa dada.

"Ilikuwa hapa. Ulitaka kuisoma, mimi nikakuvuta. Nikajua siku ileile, nikanyamaza."

Akausugua mkono wake.

"Kuvutwa nakumbuka," alisema. "Mkono uliniuma siku mbili." Akaitazama tena orodha ya juu. "Maswali tisa nilibahatisha. Tisa, kwa mdomo wako."

Nikaanza kulia, nikageuka niondoke. Akanishika mkono.

"Unakwenda wapi? Yako hujaitafuta."

"Dada, anatutazama yule."

"Atutazame. Soma."

Nikasoma, namba moja moja, tangu juu kabisa, kidole kikipita sentimita chache kutoka kwenye bega la yule mtu. Yangu haikuwamo kokote. Dada hakuniachia mkono mpaka nilipofika mstari wa mwisho.