Mguu wa Kushoto wa Neema

Niliondoka Singida kwenda kumwona mtoto, sikuwa na sababu nyingine. Mdogo wangu Neema, aliyeolewa Uchaggani, alikuwa amejifungua binti wiki tatu nyuma, na shule zilikuwa zimefungwa. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, na likizo zangu nyingi huishia kwenye madaftari ya wanafunzi. Safari hii nilifunga dumu la asali na kanga mbili, nikakata tiketi.

Saa kumi na mbili asubuhi basi lilitoka stendi. Babati tulikunywa chai, Arusha tukakaa kwenye foleni, na baada ya Boma Ng'ombe abiria wote walioketi upande wa kushoto waligeuza shingo kuutafuta mlima. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Mama mmoja akasema utatoka asubuhi, kama vile alikuwa ameongea nao.

Saa kumi jioni nilishuka Moshi. Shemeji yangu Elia, fundi seremala, alinipokea kwa gari aliloazima kwa jirani, tukapanda Old Moshi. Kila kona joto lilipungua na migomba ikazidi kusogea barabarani. Mama yake alitusubiri mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mzazi wako yuko ndani, tumemtunza."

Kweli walikuwa wamemtunza. Neema alikuwa kitandani tangu siku aliyotoka hospitali. Hakuruhusiwa kunyanyua hata kikombe. Asubuhi aliletewa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na siku nyingine kisusio, ile supu inayopikwa kwa damu ya mbuzi. "Ili damu aliyoipoteza irudi," Mama Elia alisema. Nilimwonea wivu mdogo wangu. Mimi nilipojifungua, siku ya nne nilikuwa kisimani.

Nilipokwisha kumpakata mtoto, Neema alifunua kanga. "Dada, mguu huu unanivuta." Ulikuwa wa kushoto. Ulikuwa umejaa kuliko wa kulia, na nilipougusa ulikuwa wa moto.

"Baridi imeingia," alisema Mama Elia. "Namkanda kila siku."

Jumapili asubuhi Mama Elia na Elia walikwenda kanisani, nikabaki na mzazi. Neema akalalamika tena. Nikachemsha maji, nikachukua kitambaa na mafuta, nikaukanda mguu ule kuanzia kifundoni kupanda juu, kwa nguvu zangu zote. "Hapo hapo, dada, kaza," alisema. Nikakaza. Tena kichwani nilikuwa najisifu: vena hurudisha damu kwenye moyo, basi naisaidia kupanda. Hilo nimelifundisha miaka kumi na moja.

Jumatatu, baada ya chai, Neema aliinuka kwenda chooni. Alipofika mlangoni akashika fremu.

"Dada, sipati pumzi."

Nilidhani kizunguzungu cha kulala sana. Nikamketisha. Akashika ubavu, akasema kila akivuta hewa unamchoma kama kisu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nikaweka mkono kifuani pake, moyo ulikuwa unakimbia kama wa kuku aliyekamatwa. Mama Elia aliita jina la Yesu, Elia akakimbilia gari la jirani.

Njia nzima ya kushuka mjini nilimbeba mtoto, na sikuweza kuunganisha mambo. Jana mguu, leo kifua. Nilijiuliza kama ni magonjwa mawili, au ni pumu ambayo hatukuijua. Mama Elia alikuwa amemwegemeza Neema begani, akiniuliza mimi, kwa kuwa ni mwalimu, hiki ni nini.

Saa nne tulifika hospitali. Walimwekea hewa ya oksijeni, kisha daktari, binti mdogo kuliko mimi, akauliza kabla hatujasema lolote: "Kuna mguu wowote umevimba?"

Tulitazamana. Akaifunua kanga mwenyewe.

Mchana, baada ya vipimo, alituita kwenye benchi la nje. "Kulikuwa na donge la damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu," alisema. "Kipande kimemeguka, kimekwenda kwenye mapafu. Tumeshaanza dawa."

"Dokta, mguuni hadi mapafuni kinapitaje?" niliuliza.

"Kwenye moyo. Damu ya miguu hupanda hadi upande wa kulia wa moyo, na upande huo kazi yake ni kuisukuma kwenye mapafu."

"Lakini mguu ni wa kushoto."

Alitabasamu kidogo. "Miguu yote miwili, mama. Na mikono, na kichwa. Damu yote inayorudi huingia kulia, na lazima ipite kwenye mapafu ndipo iende upande wa kushoto na kusambazwa tena mwilini. Kwenye moyo donge lilipita, kwa sababu pale ni papana. Kwenye mapafu mishipa inagawanyika na kuwa myembamba, likakwama."

Sentensi hizo ningeweza kuzisema hata nikiwa usingizini. Auriki ya kulia, ventriki ya kulia, mapafu. Nilikuwa nimeziandika ubaoni kila mwaka na kuzisahihisha kwa wino mwekundu, na sasa nilizisikia kama lugha ya watu wengine. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikawa bado nashangaa.

Mama Elia aliuliza polepole, "Ni kisusio? Nilimpa damu nyingi mno?"

"Hapana, mama. Chakula kinameng'enywa tumboni, hakiingii kwenye mishipa kikiwa damu. Ni kulala. Damu ya mguuni haina moyo wa kuisukuma kutoka chini. Mtu akitembea, misuli inaibana mishipa, damu inapanda, na vilango vya ndani vinaizuia isirudi. Akilala wiki nyingi, inakaa. Na damu ya mzazi huganda upesi zaidi."

"Na kumkanda?" Mama Elia alitazama viganja vyake. "Mimi nilikuwa namkanda."

Daktari alimgeukia. "Mguu kama ule haukandwi. Kama kukanda ndiko kulikolimegua donge, siwezi kukuambia ndiyo wala hapana. Huweza kumeguka lenyewe."

Mimi nilimbembeleza mtoto, ingawa alikuwa amelala.

Siku nane Neema alikaa wodini akichomwa sindano za tumboni za kuzuia damu isiendelee kuganda. Siku ya tatu alinyonyesha bila kuhema. Siku ya tano wauguzi walimtembeza koridoni, na siku ya nane alirudishwa nyumbani na vidonge na karatasi ya tarehe za kliniki. Mama Elia alipika, akafua, akafagia. Ila mwili wa Neema hakuugusa tena. Neema akitaka kuinuka, Mama Elia alimwita Elia. Na mtoto akawa hampakati.

Asubuhi ya kuondoka kwangu mlima ulikuwa wazi, mweupe juu ya migomba. Mama Elia alikuwa nje anamenya ndizi.

"Mikono hii," alisema bila kuinua macho, "ilitaka kumuua mtoto wa watu."

Gari lilikuwa linasubiri. Ningeweza kumwambia pole na kuondoka.

"Mama, Jumapili ile mlipokuwa kanisani, mimi pia nilimkanda. Kwa nguvu kuliko wewe. Kesho yake asubuhi ndipo yalipotokea."

Kisu kilisimama. Alinitazama, nami nikaona hasira inakuja.

"Na siku zote hizi ukaniacha niwe peke yangu?"

"Ndiyo, mama."

Aliweka ndizi chini, akanawa mikono, akaingia ndani. Nikadhani ndiyo ameniaga. Kisha nikamsikia chumbani: "Neema, nipe mkono, mwanangu. Inuka tutembee."

Nilirudi Singida nikiwa naijua njia ya damu kutoka mguuni hadi mapafuni. Ni nani aliyelimegua lile donge, sijui, na hata daktari hakuweza kusema. Ninachokijua ni kwamba siku zote zile niliona mwanamke mzima anaogopa mikono yake mwenyewe, na neno la kumpunguzia nilikuwa nalo mdomoni.

Asubuhi ile ya kuondoka gari liliwapita njiani, wakitembea taratibu kandokando ya shamba la kahawa. Neema alinipungia. Mama Elia hakupunga, alikuwa amemshika mkwewe kwa mikono yote miwili.